Hapa, Usite Kidogo

Ninalo daftari dogo lenye jalada la kijani ambalo nilipaswa kulichoma na sijalichoma. Ndani yake, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, mna nota za muziki nilizoziandika kwa penseli. Juu ya mstari wa nne, mahali ambapo mtunzi wa kawaida angeandika kwamba wimbo upigwe taratibu au kwa nguvu, mimi nimeandika: "Hapa, usite kidogo, kama mtu anayefikiri." Mistari miwili mbele: "Tabasamu kwa mbali." Na mwishoni kabisa: "Tikisa kichwa, ushangae ulichokipiga."

Niliyaandika hayo nikiwa mwanafunzi katika shule ya bweni ya muziki wa papo kwa papo, shule ambayo sharti lake lilikuwa moja tu: mtu asipige kitu alichokiandaa. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na moja. Nilikuwa na shahada ya ualimu, na kwa miaka mingi nilikuwa nimewaadhibu watoto wa watu kwa kosa la kunakili.

Ili nisionekane mwovu zaidi ya nilivyo, inabidi nianzie kanisani. Tangu niliporudi Juba kutoka Kenya, nilikokulia na kusomea, nimekuwa nikipiga kinanda katika kanisa letu, lililo kando ya barabara iendayo Bilpam. Kinanda nilifundishwa shuleni na mtawa mmoja aliyekuwa akivifunika vidole vyetu kwa kitambaa ili macho yetu yasithubutu kuondoka kwenye karatasi. Alinifundisha vizuri. Mpaka leo, ukiniwekea karatasi mbele yangu nitaipiga, hata kama ni ya bei za vyakula. Ukiiondoa, ninabaki mama aliyeketi karibu na chombo cha muziki.

Kiongozi wetu wa sifa ni mama mmoja muuguzi, mwenye sauti inayoweza kumwamsha mgonjwa na kumlaza tena. Yeye haanzi wimbo; wimbo ndio humwanza. Huingia popote sauti yake ilipo asubuhi ile, juu au chini, na katikati ya ubeti huhamia wimbo mwingine, kutoka Kibari kwenda Kiarabu cha Juba, na kutoka hapo kwenda Kiswahili, pasipo kumwarifu mtu. Mpiga kinanda anatakiwa amfuate. Hiyo ndiyo desturi yetu, na sijawahi kukutana na mtu aliyeiona kuwa tatizo isipokuwa mimi.

Nilijitetea kwa njia niijuayo. Nilitengeneza jalada nene lenye nyimbo zote, kila lugha na rangi yake pembeni, ili mama akihama nami nifungue ukurasa. Lakini nilipoupata wimbo, yeye alikuwa ameshaondoka. Niliishi wimbo mmoja nyuma ya waumini wenzangu. Jumapili moja, tulipokuwa tukimshukuru Mungu kwa ajili ya maharusi, nilimsindikiza bibi harusi kwa beti mbili kamili za wimbo wa mazishi, kwa ustadi mkubwa, bila kukosea nota hata moja.

Mama muuguzi aligeuka. Yeye hana maneno makali, ana shingo. Katika kanisa letu watu husema "leo amegeuka" kwa sauti ile ile ambayo kwingine watu husema kwamba fulani ameitwa kituo cha polisi.

Kamati ya muziki ikaniita. Mwenyekiti wake ni mzee mmoja mpole, mstaafu wa forodha, ambaye huzungumza kana kwamba kila sentensi lazima ikaguliwe kabla ya kuvuka.

"Ustaza," alisema, kwa kuwa hivyo ndivyo walimu wa kike tunavyoitwa Juba, "hakuna anayesema hujui. Unajua kupita kiasi."

Kisha akamtaja binti wa mchungaji, anayesomea uhandisi chuoni, ambaye hukikalia kinanda siku ninapougua.

"Yule binti hajui jina la nota hata moja," nikasema.

"Ndiyo," akasema mzee. "Na wewe unayajua yote. Lakini mama akiimba, binti yuko naye."

Wakanipa muda mpaka Jumapili ya mavuno. Nikiweza kumfuata mama, kiti ni changu. Nisipoweza, nimkabidhi binti kwa amani na kwa maombi.

Huenda msomaji akadhani kwamba mtu mzima hawezi kukosa raha kwa sababu ya kiti kisicho na hata mto. Lakini aliyerudi Juba huulizwa swali moja, kwa heshima, tena na watu wema: "Ulirudi lini?" Ni swali la salamu. Ndani yake mna jingine ambalo hakuna anayelitamka, yaani, sisi tulipokuwa hapa katika yale yaliyotupata, wewe ulikuwa wapi? Nami nilikuwa shuleni Kenya, nikijifunza kutoangalia vidole vyangu. Kwenye kiti kile, kwa saa mbili kila Jumapili, hakuna aliyeniuliza nilirudi lini. Walinihitaji kwanza, wakanifahamu baadaye. Sikuwa na mahali pengine pa namna hiyo mjini.

Basi niliposikia kwamba kungekuwa na shule ya wiki mbili huko Rejaf, wakati wa likizo, inayofundisha jazi na muziki wa pande nyingi za dunia, wanafunzi wakilala palepale, nilijiandikisha siku ile ile. Kwenye fomu palikuwa na swali: "Unatarajia nini?" Nilijibu kwa aya tatu.

Nilikwenda kwa boda boda, nikiwa nimekumbatia kishikio changu cha nota, kile cha chuma chenye miguu mitatu inayokunjwa. Njiani tulisimamishwa kwenye kizuizi, na askari kijana akaniomba nikifungue kile chombo. Nikakifungua, mguu baada ya mguu.

"Kinafanya nini?"

"Kinashika karatasi."

"Na karatasi inafanya nini?"

"Inaniambia nipige nini."

Alikitazama, akanitazama. "Kwa hiyo wewe mwenyewe hujui," alisema, bila dharau, kama daktari anayetaja ugonjwa. "Pita, mama. Mungu akusaidie."

Ningegeuza pikipiki pale pale ningeokoa ada yote, kwa maana shule nzima haikuniambia jambo zaidi ya hilo.

Shule yenyewe ilikuwa ua wa kukodi karibu na mto: mabweni mawili ya mabati, jiko, ukumbi usio na kuta, na kinanda kimoja kilichowekwa juu ya meza ya chuma na kulishwa na betri ya jua. Tulikuwa wanafunzi kumi. Mwalimu mkuu alikuwa mzee wa saksafoni, mtu wa hapa aliyekulia uhamishoni Uganda na kupiga miaka mingi katika bendi za hoteli, mwembamba, mwenye tabia ya kusikiliza huku amefumba jicho moja. Alikikagua kishikio changu kwa hilo lililo wazi.

"Vizuri sana," alisema. "Tutakaushia samaki."

Hakukikaushia samaki. Siku ya tatu tayari kilikuwa kinakausha nguo za mwenzangu wa chumba, mama wa Kiganda anayeuza vitenge katika soko la Konyo Konyo na kupiga adungu, kinubi kile cha upinde chenye nyuzi nyingi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba marobota, na Kiswahili chake kilikwenda njia fupi kuliko zote. Alinichagulia kitanda, akanifungia chandarua, akaniita nyabo, kama Waganda wanavyomwita mwanamke wa heshima. Nilimlipa wema huo kwa namna nitakayoieleza.

Desturi ya pale iliitwa mkia. Kila jioni, kabla ya chakula, tuliketi kwa duara. Mmoja alipiga chochote kilichomjia, kifupi, akanyamaza. Zile sauti zake za mwisho ndizo zilizokuwa mkia. Jirani yake alitakiwa aushike mkia huo, auoteshe mnyama wake mwenyewe, kisha naye aache mkia kwa mwingine, mpaka duara litimie. Mtu akishindwa, au akipiga kitu kisichohusiana na mkia aliopewa, duara lilirudi kwa wa kwanza. Na chakula hakikutoka jikoni kabla duara halijatimia. Mzee alisema ndivyo walivyofanya mazoezi katika bendi yake ya kwanza, na kwamba njaa ni mwalimu asiyedai mshahara.

Nilikuwa wa tisa. Jioni ya kwanza watu wanane walishikana mikia vizuri, mkia ukanifikia mimi, nikatazama mahali ambapo karatasi ingekuwa. Duara likarudi mwanzo. Likarudi tena. Mara ya tatu mpishi alitoka jikoni, mwiko mkononi.

"Ustaz," alimwambia mzee, "kwa nini huyu mama asile kwanza, halafu apige?"

Tulikula asida, ugali wetu laini wa huku, ikiwa imeshafanya ngozi juu. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na mpiga ngoma wetu, dereva wa malori mwenye kicheko cha honi, akaanza kuniita Mama Asida Baridi. Hakunichukia, aliuliza tu kila mchana, kwa upole, kama ninajisikia vizuri au aende akanunue mikate.

Nilikuwa nikihesabu siku zilizobaki kabla ya mavuno. Jioni ya tatu, baada ya aibu nyingine, niligundua jambo. Mwenzangu wa chumba, aliyeketi kabla yangu, alimaliza kila mara kwa mkia mmoja: sauti tatu zikishuka, ya mwisho ikivutwa. Nilidhani ni namna anavyowaita wateja sokoni. Kama swali ni lile lile kila siku, nikajiambia, kuandaa jibu si udanganyifu; ni maandalizi ya somo. Mwalimu yeyote angenielewa.

Alfajiri niliketi barazani na daftari la kijani, nikaandika uhuru wangu nota baada ya nota. Niliona kwamba wenzangu, kabla ya jambo zuri, husita. Nikaandika kusita. Niliona kwamba hupangusa jasho. Nikaandika jasho. Nililisoma mara nyingi mpaka likakaa kichwani.

Jioni ile duara lilitimia kwa mara moja. Asida ilitoka inafuka moshi, na dereva wa malori alisimama akanipa mkono. Mzee alifumbua macho yote mawili.

"Ustaza, leo umefunguka."

Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao haukuwa umeandikwa daftarini, ingawa ungeweza kuwamo.

Siku zilizofuata niliandika nyingine, nikibadilisha nota huku kusita nikikubakiza palepale, kwa kuwa kusita kulikuwa kumependwa. Nilianza hata kuwashauri wenzangu. Nilimwambia mmoja aachie hisia zake. Namwomba radhi huyo mtu popote alipo.

Mchana mmoja mwenzangu wa chumba alikuwa akiondoa nguo zake zilizokauka kwenye kishikio changu.

"Nyabo," alisema, "mimi iko nauliza kitu moja."

"Uliza."

"Ile pahali unasimamisha mkono. Jana ulisimamisha. Juzi pia. Pale pale."

"Ni mtindo wangu."

"Na jasho pia ni mtindo? Juzi mvua ilinyesha, sisi wote tulivaa sweta. Wewe ukapangusa jasho."

Nikasema kwamba watu hutofautiana kwa jasho. Akakunja gauni, akaliweka, akachukua jingine.

"Konyo Konyo, mimi nauza kitenge. Kuna mteja anashika nguo, anafikiri. Kuna mwingine anashika nguo, anafanya kama anafikiri. Mimi najua huyu na najua huyu."

"Unawatambuaje?"

"Ya kufikiri ya kweli, haangalii kama mimi namwona."

Nilimwambia, kwa Kiswahili safi kabisa, kwamba amekosea. Hakubishana. Alikunja nguo zake zote, na hata kitambaa changu cha kichwa akakikunja.

Jioni ile, zamu yake ilipofika, alipiga kama kawaida, akafika mwisho. Na badala ya kushuka, akapanda. Sauti mbili tu, za juu, nyembamba, akaziacha zinaning'inia kama mtu aliyechungulia mlangoni akauliza kama kuna watu ndani.

Nilisikia kwamba mkia umebadilika. Nataka hilo lieleweke, maana ndilo kosa langu lenyewe: nilisikia, na vidole vikaendelea. Havikuwa na kitu kingine. Ilikuwa kama kuulizwa mgonjwa wako anaendeleaje, ukajibu kwamba asante, umeshakula. Nilipiga mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilipofika wa nne nilisita kidogo, kama mtu anayefikiri. Kisha, Mungu anisamehe, nikapangusa jasho.

Mzee alikuwa amefumba macho yote mawili.

"Ustaza," alisema, "hapo ulikuwa unamjibu nani?"

Mwenzangu alikuwa akitazama nyuzi zake. Mpishi alitoka jikoni na kifuniko cha sufuria, akatuona, akarudi bila kusema neno, na hilo lilinichoma kuliko swali la mzee. Niliinuka, nikaenda bwenini, nikarudi na daftari, nikampa.

Alilisoma polepole, akifuata nota kwa kidole. Kisha akafikia maneno. "Tabasamu kwa mbali," akasoma kwa sauti. Wenzangu walicheka mpaka dereva wa malori akaegemea ngoma yake, akaomba irudiwe ile ya kushangaa alichokipiga. Ikarudiwa. Nami nilicheka, lakini baada yao, wimbo mmoja nyuma kama kawaida yangu.

"Unafundisha nini?" mzee akaniuliza kulipotulia.

"Kiswahili."

"Tufundishe kidogo."

Niliona afadhali kufundisha kuliko kusimama pale. Nikasimama kama ninavyosimama darasani, nikainua mkono. "Mtoto mmoja, wengi ni wato—?"

"—to!" wakaitika wote, pamoja na mpishi kutoka jikoni.

"Juba ipo kando ya mto Na—?"

"—ili!"

Ndivyo tunavyofundisha, na ndivyo tulivyofundishwa: mwalimu huanza neno, darasa humalizia. Nimefanya hivyo maisha yangu yote ya kazi, na nilikuwa nimekwisha kuinua mkono kwa swali la tatu mzee aliponisimamisha.

"Kuna siku yoyote," aliuliza, "uliwaachia watoto mwisho ambao wewe mwenyewe huujui?"

Nilifikiri. Safari hii sikusita kwa mtindo.

"Hapana, ustaz."

"Basi." Akanirudishia daftari. "Kuanzia kesho hupigi. Kaa na jirani yako. Akimaliza kusema, ndipo useme. Akimaliza kupiga, uimbe mkia wake. Vidole utarudishiwa baadaye."

Siku mbili zilizofuata nilikaa kando ya adungu kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe. Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba katika siku zote tulizolala chumba kimoja sikuwa nimemwacha yule mama amalize sentensi hata moja. Alianza, mimi nikamalizia, kama darasani. Na kama darasani, nilikuwa nimejipa maksi zote.

"Ile mwaka nilifika Juba," alianza asubuhi ile, "stoo yangu ika—"

"Ikaungua," nikasema kwa huruma.

"Ikajaa maji." Akanitazama. "Nyabo, unataka kuendelea wewe? Mimi naweza sikiliza."

Niliuma ulimi. Akaendelea. Mvua ilikuwa imevunja mfereji, na maji yakaingia sokoni yakifika magotini. Alipanda juu ya meza na vitenge vyake kichwani, akasimama pale peke yake, mgeni, hajui mtu. "Halafu nikaanza…" alisema, akanyamaza, akirekebisha uzi. Nilikuwa na mwisho tayari. Nilikuwa nayo miwili: kulia, na kuomba. Niliimeza yote.

"Halafu nikaanza kucheka," alisema. "Kwa sababu jirani yangu aliuza viatu, na viatu yake vilikuwa vinapita kwa maji, kimoja kimoja, kama vinatafutana. Na yeye iko ng'ambo ile, haoni. Basi mimi namwita: kiatu yako inapita. Kingine: kiatu yako inapita. Mchana yote naita. Hivyo ndiyo tulijuana."

Akaiimba namna alivyoita. Sauti tatu zikishuka, ya mwisho ikivutwa ivuke maji.

Ulikuwa mkia wake. Nilikuwa nimeuandikia majibu manne ya kifahari, na hakuna hata moja lililomwambia kwamba asante, nimekiona kiatu.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nilipiga kama ndege wa angani. Niliimba mkia wake vibaya mara tatu, na mara ya nne vizuri kiasi. Niliporudishiwa vidole nilipiga sauti mbili, nikaacha. Mzee alisema si haba. Asida ilikuwa ya uvuguvugu.

Kilele cha shule kilikuwa maonyesho ya siku ya mwisho, jamaa zetu wakiwa wamealikwa. Ilinyesha mvua ambayo sijawahi kuiona tena. Chini ya yale mabati mtu hakuweza kusikia hata mawazo yake, lakini mzee alikataa kuahirisha, tukapiga. Zamu yangu ilipofika nilipiga bila daftari, bila mpango, na nina hakika kwamba ndicho kitu huru kuliko vyote nilivyowahi kupiga. Ushahidi ninao mimi peke yangu.

"Mimi nilikaa karibu," aliniambia mwenzangu baadaye, tukifunga mizigo. "Sikusikia kitu. Lakini jasho ilikuwa ya kweli."

Jumapili ya mavuno madhabahu ilijaa mtama, karanga na kuku waliofungwa miguu. Nilikikalia kiti changu. Jalada la nyimbo nilikuwa nimeliweka chini ya kiti. Nilikuwa nimeelimika, sikuwa nimepata wazimu. Binti wa mchungaji alisimama kando ya ukuta, karibu vya kutosha kukimbia kuja kuniokoa.

Wimbo wa kwanza nilisubiri. Nilimsikia mama muuguzi akivuta pumzi, nikamsikia anapoingia, nikamtafuta kwa kidole kimoja, nikampata. Tulikwenda pamoja beti tatu. Nilikuwa naanza kujipongeza, na bila shaka ni hapo alipohama.

Nilipotea kabisa. Sikujua wimbo, sikujua alipo. Mguu wangu ukaligusa lile jalada chini ya kiti, na nakiri kwamba uliligusa kwa upendo. Kisha nikaondoa mikono yote miwili kwenye kinanda, nikaiweka mapajani, nikamsikiliza. Ubeti mzima kanisa liliimba bila kinanda, na kuku mmoja akasikika vizuri sana.

Mama muuguzi akageuka.

Nilimwona mwenyekiti wa kamati akiinamisha macho. Mama alinitazama, akaitazama mikono yangu ilipo. Nami sikufanya lolote. Sikutabasamu kwa mbali. Akafika mwisho wa ubeti. Na badala ya kuendelea, akaurudia mstari wa mwisho. Kisha akaurudia tena, taratibu zaidi, akiwa bado amenigeukia, akaacha ile sauti ya mwisho kati yetu.

Miaka yote ile nilidhani ananikimbia. Sikuwa nimewahi kunyamaza vya kutosha kuona kwamba anajua kusubiri.

Nikaushika mkia. Sauti mbili, kisha tatu. Akanipa kisogo, tukaendelea.

Baada ya ibada mzee wa forodha alinijia, akaikagua sentensi yake, akairuhusu ivuke. "Kile kimya cha katikati, Ustaza, kilitugusa sana. Ulifundishwa kule shuleni?"

"Ndiyo, mzee," nikasema.

"Basi kiti endelea nacho."

Binti alisubiri mzee aondoke. "Anti," alisema kwa sauti ya chini, "pale ulikuwa umepotea."

"Kabisa."

"Mimi nikipotea huongeza sauti," alisema. "Hakuna anayejua." Akatazama vitufe vya kinanda, vyeupe na vyeusi, kama mtu anayetazama majina ya watu aliokaa nao miaka bila kuulizana. Akaniomba nimfundishe nota, Jumamosi, kama nina nafasi.

Ninayo. Alikuja Jumamosi iliyofuata, na kwa kuwa sikuwa na karatasi nyingine yenye mistari ya nota ndani ya nyumba, nilimfungulia daftari la kijani, nikiwa nimekiweka kidole gumba juu ya maneno. Alisoma vizuri, mstari wa kwanza mpaka wa tatu, akitaja kila nota kwa jina. Kisha akakiinua kidole changu, kwa heshima, akakiweka kando.

"Anti, hii ya kutabasamu kwa mbali ni nota gani?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nikaliacha, nikasubiri amalize kucheka.